Mgongo hauumi tena, lakini mguu hausikii

Mshauri mpendwa,

Jana asubuhi wifi yangu aliniambia nimeacha ndala mlangoni, nami nikamjibu kwamba nimevaa zote mbili, akasema, "Wifi, hebu jiangalie," nikatazama chini nikaona mguu wa kushoto uko peku juu ya saruji na ndala yake iko kule kizingitini, imelala kifudifudi, na mimi nimeshavuka sebule nzima hadi jikoni na sufuria mkononi bila kujua. Akacheka, nami nikacheka. Tangu hapo sijacheka tena, na ndiyo maana nimekaa kukuandikia kabla sijaamua jambo la kijinga.

Mimi ni fundi cherehani kwenye kiwanda kidogo cha sare za shule. Kazi yangu ni kola. Wengine wanashona mikono na mifuko, lakini kola si kazi ya kila mtu, maana ikikaa upande shati zima linaonekana kama limevaliwa kwenye ugomvi. Mgongo ulianza kuniuma mwaka jana, chini kabisa kiunoni, ukishuka pajani, nikawa natafuna dawa za maumivu kama karanga mpaka tumbo likawaka moto, daktari akanikataza kabisa, akanipeleka kwa mtaalamu wa viungo, na huyo ndiye aliyenionyesha kile kimashine cha kutuliza maumivu kwa umeme. Kinaingia mfukoni, kinatumia betri, kina nyaya na vibandiko unavyobandika mgongoni, ukikiwasha unasikia kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi na maumivu yanasogea pembeni. Mume wangu akaninunulia. Siku ya kwanza nilikaa kwenye kiti nikatokwa na machozi kwa raha.

Mtaalamu alinieleza vizuri, sitamsingizia. Alisema nitumie nusu saa kisha nipumzike, nisikiwashe nikiwa kwenye mashine, na nikianza kusikia ganzi mguuni nirudi haraka. Akanipa na siku ya kurudi. Sikurudi, kwa sababu shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na oda zimetujaa mpaka mlangoni.

Halafu vibandiko vikaanza kubanduka kwa jasho, nami nikafanya kile ambacho fundi angefanya: nikashona mkanda. Lastiki pana, kijimfuko cha kimashine ubavuni, vitundu vya kupitishia nyaya, nikaupinda vizuri usichubue, unakaa chini ya gauni na hauonekani. Nikawa nakiwasha nikikaa asubuhi na kukizima tukifunga kazi, na mwili ukikizoea nakiongeza kidogo. Wenzangu wakanipa jina, Mama Betri.

Msimamizi wetu alikuwa ameshatangaza kwamba wenye migongo mibovu atawahamishia meza ya kukata nyuzi, na sote tunajua meza hiyo ndiyo ya kusubiria kuachishwa kazi. Nikamwambia nimepona. Akanisimamisha mbele ya watu: "Mwoneni Mama Betri. Nyinyi mnalalamika, yeye anashona." Nilijisikia vizuri, siwezi kukataa.

Ganzi ilianzia kwenye kidole gumba cha mguu, ikapanda juu ya wayo. Wiki iliyopita nilidhani nimeshaondoa mguu kwenye kanyagio la mashine, kumbe bado uko pale, mashine ikaendelea kukimbia na sindano ikala kola pamoja na ukingo wa ukucha wangu. Nikafunga kidole kwa kipande cha kitambaa nikasema ni mkasi.

Kuna na hili. Jirani yangu wa mashine ana mimba changa, hajamwambia msimamizi, na mgongo unamsumbua kweli. Kila siku ananisumbua, "Mama Betri, nishonee na mimi huo mkanda."

"Subiri oda iishe."

"Oda haiishi, shoga. Kitakachoisha ni mimi."

Nimeshamkatia lastiki. Nimemwahidi kwamba Ijumaa mkanda utakuwa tayari, na kimashine changu atakuwa anakitumia saa ya mapumziko.

Mume wangu akiniuliza mgongo unaendeleaje namwambia uko safi, na wala simdanganyi, maana hauumi. Hicho ndicho kinachonitisha, mshauri, hauumi kabisa, hata nikiwa nimeuvua mkanda. Nikisema ukweli kiti cha kola kimekwenda, na nikinyamaza naogopa hata kuteremka ngazi. Je, ganzi hii itaondoka yenyewe nikikizima? Au nihamishe vibandiko? Oda ya mwisho inaondoka Ijumaa ya wiki ijayo. Naweza kusubiri hadi hapo?

Mama Betri

*

Mama Betri,

Huwezi kusubiri.

Barua yako niliisoma jana, Jumatatu. Sikungoja gazeti lichapwe. Niliitafuta namba uliyoiacha nikakupigia, na unajua tulichozungumza. Jibu hili nalichapisha kwa ruhusa yako, kwa sababu naamini kuna wengine wenye mikanda chini ya magauni.

Kabla ya kukupigia nilimsomea barua hiyo daktari wa mishipa ya fahamu. Nilipofika kwenye kanyagio na sindano alinikatiza. Hakuuliza umri wako wala aina ya kimashine. Aliuliza, "Anakuja lini?"

Akanituma nikuulize mambo mawili, nami nikakuuliza bila aibu: kama unashindwa kuzuia au kutoa mkojo, na kama kuna ganzi katikati ya mapaja, pale unapokalia. Ulijibu hapana kwa yote mawili. Jibu hilo likibadilika, iwe mchana au usiku, usinipigie mimi. Nenda chumba cha dharura saa hiyohiyo.

Sasa nikukaripie kidogo, kisha tuendelee. Kimashine hakina kosa. Daktari anasema kinawasaidia watu wengi wenye maumivu ya mgongo, hasa kama wewe ambaye tumbo limekataa dawa, na mtaalamu wako alifanya sawa kukupa. Ila hakitibu. Kinapunguza kelele za maumivu ili uweze kunyoosha mwili, kutembea na kufanya mazoezi. Wewe hukunyoosha chochote. Ulipunguza kelele ukarudi kuinamia kola kutwa nzima, ukapongezwa mbele ya watu, ukaamini pongezi kuliko mguu wako. Hatujui bado kinachokaba mshipa huo, na daktari amekataa kubahatisha kwenye simu. Alisema jambo moja tu kwa uhakika: maumivu yakiondoka huku mguu unapoteza hisia, huko si kupona.

Kuhamisha vibandiko, sahau. Kimashine kizime, na usikibandike tena mpaka upimwe. Mahali penye ganzi ngozi inaweza kuungua na usijue. Kwenye mashine ya umeme usikae. Safari hii ilikuwa ukingo wa ukucha, na aliyekuokoa si uhodari wako.

Ile lastiki uliyomkatia jirani yako, irudishe kwenye boksi. Najua umeahidi. Mwambie umekatazwa, unitaje mimi kama utaona haya. Mwenye mimba, hasa changa, hajiwekei umeme mgongoni kwa ushauri wa fundi kola, hata awe fundi hodari namna gani. Amuulize mkunga wake kwanza. Na msomaji mwingine yeyote mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asikiguse kimashine hiki kabisa mpaka daktari wake aseme.

Tuje kwa msimamizi. Hapo ndipo ulipotaka nikufariji, na sina faraja ya kukupa. Sijui kama kiti cha kola kitakungoja. Nilikuuliza kwenye simu kama kuna mwingine anayeweza kushona kola zako, ukanijibu, "Yupo, lakini zake zinapinda." Basi zipinde wiki hii. Watoto wataenda shule. Mwambie msimamizi maneno haya, usiongeze hadithi wala kuomba radhi: "Mguu wangu hausikii kanyagio, nina miadi hospitali, nitaleta barua ya daktari." Msimamizi aliyeambiwa hivyo kisha akakuweka kwenye mashine anajua anachofanya. Huyu wako mpaka leo hajui, kwa sababu ulimwambia umepona. Na ile meza ya nyuzi unayoiogopa, usiitukane sana. Mtu anaikalia kwa mguu wowote.

Mumeo umwambie leo, kabla hajakuuliza. Anauliza habari za mgongo kwa sababu hajui kuna habari za mguu.

Daktari anataka kuuona mkanda. Alisema, nanukuu, "Alete na huo ufundi wake," na kwa sauti yake nadhani hakuwa anakudhihaki. Atakupima nguvu za mguu, atakupiga picha ya mgongo akiona haja, na baada ya hapo ndipo litajibiwa lile swali la kama kimashine utarudi kukitumia, kwa muda gani, na ukiwa umekaa wapi.

Miadi ni kesho, Jumatano, saa mbili asubuhi, dirisha la wagonjwa wa nje. Wifi yako amekubali kukusindikiza. Nilimsikia nyuma yako kwenye simu akisema ataomba ruhusa kazini. Mshike mkono kwenye ngazi. Na ndala ziache nyumbani, uvae viatu vya kufunga kamba.