Kibo Ndani ya Ndiva

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Leo naanza, na nimejiapia: nitaandika yote, hata yatakayonitia aibu. Daftari hili halina msomaji ila mimi.

La kwanza ni hasira. Asubuhi ya tatu nimetoka bure! Nataka picha moja tu — kilele cha Kibo kikiwa kimepinduka ndani ya maji ya ndiva yetu, bwawa la kumwagilia mashamba. Kiangazi hiki, kabla jua halijatufikia huku, theluji ya Kibo hupata rangi ya waridi kwa dakika chache. Maji yakitulia unauona mlima mara mbili. Lakini ndiva hukusanya maji usiku kucha, na mwenye zamu huja alfajiri kuyafungulia shambani. Nilipofika leo — tope na vyura. Jana maji yalikuwepo, wingu likakaa. Juzi simu ilizima. Umeme ulikatika tangu jioni, chaji asilimia nne!

Simu ni ya dada Victoria, aliniachia alipopata nyingine huko Same mjini. Kioo kimepasuka lakini kamera ni nzima.

Shindano la picha za mandhari la sekondari linafungwa Jumatano. Mshindi anapewa kamera. Kamera ya kweli! Mwalimu Clemence wa Jiografia ndiye anayetuma picha za shule yetu. Esta, ninayekaa naye dawati moja, ananicheka: "Mpiga picha wa taifa, mlima umegoma kupozi?"

Jumatatu, 18 Agosti

Nimepata akili. Kesho ni zamu ya Mama Blandina, jirani yetu mjane. Yeye hukamua ng'ombe kwanza, hafiki ndivani kabla ya saa moja. Kwa hiyo maji yatakuwepo! Nilisema hivyo wakati wa kula. Mama akasema nisithubutu kutoka bila kuchota maji ya nyumbani. Baba aliongeza sauti ya redio. Walikuwa wanazungumzia michuano ya soka ya CHAN, na Stars wakitajwa Baba hana masikio mengine.

Jumanne, 19 Agosti

NIMEIPATA! Saa kumi na mbili na dakika ishirini. Nilikaa ukingo wa juu, kwenye migomba. Ndiva imejaa mpaka mdomoni, haina hata kunyanzi moja. Kibo kikawaka juu, kikawaka chini. Nilisahau kupumua.

Kasoro moja. Baba alitokea na jembe, akainama kwenye tundu la kutolea maji, pembeni kabisa mwa picha. Na ile jezi yake ya Stars! Sikumwita — nilikuwa sijachota maji, angenirudisha. Nikakimbia shule. Baadaye nikaikata ile pembe, nikabaki na mlima na maji peke yake.

Jumatano, 20 Agosti

Picha imetumwa. Mwalimu Clemence aliitazama mara mbili, akasema, "Yudith, hii ni kazi." Ningefurahi siku nzima.

Lakini bombani wote wanamzungumzia Mama Blandina. Jana alifika na jembe lake akakuta ndiva tupu. "Niliziba mwenyewe jioni! Majani, udongo, nikakanyaga!" Mzee mmoja akamjibu, "Labda ulikanyaga ukiwaza ng'ombe." Watu wakacheka. Mimi nilishindwa. Baba alikuwa pale asubuhi ile. Bila shaka alimwona aliyefanya. Nitamuuliza.

Sikumuuliza.

Jumamosi, 23 Agosti

Stars wametolewa jana. Moja bila, Morocco. Baba hakula.

Leo kamati ya ndiva imekaa. Mwalimu Clemence ndiye katibu. Wameamua Mama Blandina aliziba vibaya, na kwa desturi anayepoteza maji ya ndiva anarudi mwisho wa mzunguko. Siku tisa nyingine! Maharage yake yanatoa maua sasa hivi. Alisimama akasema, "Mnanihukumu kwa maji ambayo sikuyaona." Baba alikuwa safu ya nyuma. Alisema, "Sheria ni sheria," akatazama viatu vyake.

Nimefungua picha nzima, ile ambayo sikuikata. Nimeivuta ikawa kubwa. Mkononi mwa Baba kuna fungu la majani linalotiririka tope. Ni kizibo.

Na Jumanne nilipotoka shule nilipita kwenye tangawizi yetu. Udongo ulikuwa umelowa. Niliona. Nikapita.

Na nani aliyetangaza mezani kwamba Mama Blandina huchelewa? Mimi!

Jumatatu, 25 Agosti

Wenye shindano wamemwandikia Mwalimu. Wanasema picha yangu imeingia kumi bora, ila majaji wana shaka: Kibo ndani ya bwawa la kijijini, rangi ile — huenda imetengenezwa na akili mnemba. Nitume picha halisi, nzima, yenye saa yake, kupitia kwa Mwalimu, mwisho Jumatano jioni. La sivyo naondolewa.

Nimekasirika mpaka nimelia chooni. Asubuhi nne za baridi! Vidole vyangu vilikufa ganzi, wao wanasema ni mashine! Esta anasema nitume tu, nina nini cha kuficha? Nikamjibu vibaya. Hakustahili.

Jumanne, 26 Agosti

Nimemwonyesha Baba. Alikuwa anapalilia tangawizi. Aliishika simu kwa vidole viwili, kama kitu cha moto. Nilidhani ataniambia niifute. Afadhali angesema.

"Mama," akasema — huniita hivyo kwa sababu nimechukua jina la mama yake — "tangawizi ilikuwa inakufa. Nilitaka kuchukua kidogo, nizibe tena. Maji yakanishinda nguvu."

Nikauliza kwa nini hakusema kwenye kamati.

"Mbele ya watu wote wale? Mimi niliyemtoza Hamisi mbuzi mwaka jana, nilipokuwa kwenye kamati, kwa kosa hilohilo?"

Akanirudishia simu. "Wewe ndiye umesoma. Fanya unavyoona." Akaendelea kupalilia pale pale alipokwisha palilia.

Jioni nimemwona Mama Blandina akipanda na ndoo kichwani kutoka chemchemi. Anamwagilia shina kwa shina, kwa kikombe. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu, na ile picha yako, umeshinda?" Kesho kutwa kampeni za uchaguzi zinaanza, wagombea watakuja na magari ya matangazo kutuahidi maji. Yeye ana kikombe.

Jumatano, 27 Agosti

Saa kumi jioni. Niko juu kwenye jiwe, ndipo mtandao unapokamata. Shule imefungwa mapema, Mwalimu ameshateremka Same kwa kikao, atarudi jioni. Picha nzima iko tayari. Kidole kiko juu ya kitufe tangu saa tisa na nusu.

Nilimwandikia kwanza: utaifungua kama mwalimu au kama katibu? Nikafuta. Ni mtu mmoja, ana macho mawili tu.

Kutoka hapa namwona Baba shambani. Amekaa chini, jembe liko kando. Halimi.

Nimeandika tena, na hii nimeituma. Tiki mbili zimetokea. Nainakili hapa kama ilivyo:

"Shikamoo Mwalimu. Ni Yudith. Picha halisi ninayo, na ndani yake yumo mtu. Naomba unijibu sasa hivi kabla sijaituma: ukimwona aliyezibua ndiva, na akiwa ni mtu wa nyumbani kwangu, Mama Blandina atapewa maji kesho asubuhi?"