Pengo Mkiani mwa Bata Maji

Gateshead,
Jumapili, 16 Machi 1986

Kaka yangu Ewan,

Natumaini barua hii itakukuta bandarini ukiwa mzima na soksi zako kavu. Huku sote tu wazima. Goti la Bibi lilitabiri mvua tangu Alhamisi, na mvua ikanyesha kweli, basi amezunguka nyumba nzima akijisifu. Anauliza kama huko melini wanakupa chakula cha maana au ni maharage ya kopo tu.

Kabla hujaondoka Januari uliniuliza bata maji wa Bibi yuko wapi, nikakujibu kwamba tumemfungia kabatini asivunjike. Haikuwa kweli, kaka. Nitakueleza yote kwa utaratibu.

Mwezi Novemba, Bwana Harle, yule mwenye duka la vitu vya kale karibu na kituo cha reli, alipita mtaani kwetu akigonga milango. Bibi hakutaka kuuza, alitaka tu kumwonyesha. Unajua anavyompenda bata yule: kioo cha zambarau chenye michirizi myeupe, kama maziwa yaliyomwagika kwenye wino, na mgongoni shimo la kuwekea chumvi. Akamsimulia habari za bibi yake, Hannah, aliyefanya kazi kiwanda cha vioo akibeba vyombo vikiwa bado moto kutoka kwenye kalibu za kuviumbia na kuvipeleka kwenye tanuri la kuvipoza polepole, na jinsi msimamizi alivyomzawadia bata huyo siku ya harusi yake. Bwana Harle alimgeuza, akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema, "Mama yangu, hiki ni cha majuzi. Cha bibi yako, kama kweli kilikuwepo, kilivunjika zamani na mtu akaweka hiki mahali pake." Akamchukua kwa pauni mbili, eti kumsaidia kupunguza vumbi ndani.

Bibi, kwa vile hajui kuficha jambo, aliwaeleza wenzake kwenye chai ya Jumatano ya akina mama wa kanisa. Bi Edna Hepple ndiye aliyeanza. Alisema, "Winnie, miaka thelathini umetushibisha hadithi za Hannah, kumbe hata bata mwenyewe hajulikani baba yake!" Wakacheka mpaka skonzi zikawapalia. Tangu siku hiyo Bibi hakwenda tena Jumatano. Alikaa dirishani na kitambaa cha kufuma ambacho hakikurefuka, na jina la Hannah halikutoka tena kinywani mwake.

Wiki moja baada ya wewe kusafiri, nikitoka shule, nilimwona bata dirishani kwa Harle. Nilimtambua kwa lile pengo dogo mkiani. Kando yake kulikuwa na kadi: "Cha mwaka 1876. Asili, kimehakikishwa." Nilisimama hapo mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Sikulia. Niliapa kwamba maneno aliyomtoa Bibi kinywani, yeye mwenyewe atayarudisha kwa kinywa chake, mbele ya watu.

Kila Jumamosi nilikwenda jumba la makumbusho, kwa Bi Pringle anayetunza vyombo vya kioo. Alinipa glavu na lenzi, akanifundisha bila kunicheka. Simba, samaki, njiwa, kuku aliyelalia mayai, wote niliwageuza matumbo juu. Alama yao ni umbo la almasi lenye herufi na tarakimu pembeni. Herufi ya kulia ndiyo mwaka, lakini hazifuati mpangilio wa alfabeti, lazima uzikariri; V ni 1876. Cha kuiga hutolewa kwenye kalibu iliyotengenezwa kwa kunakili chombo cha kale, kwa hiyo almasi yake huwa butu na chombo chenyewe hupungua kidogo. Na kitako cha chombo cha kweli kina mikwaruzo ya kila upande, kwa kuwa mikono mingi imekisogeza mezani.

Basi jana kanisa lilifanya siku ya watu kuleta vitu vyao vya kale vikaguliwe kwa ada, kuchangia paa. Mkaguzi alikuwa nani? Harle, amevaa tai ya kipepeo. Mezani alimweka bata wetu kama pambo. Nilimsihi Bibi mpaka akakubali kuja, akaketi nyuma karibu na birika. Nilipanga foleni mikono mitupu. Zamu yangu ilipofika nilimwomba kwa adabu zote atufundishe jinsi ya kutambua cha kweli. Alifurahi sana. Alimwinua bata, akasoma almasi kwa sauti, akasifu ukali wake, akaonyesha mikwaruzo, akasema mtoto mdogo tu ndiye angekosea. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema angeapa juu ya Biblia ya mchungaji.

Ndipo nikasema, kwa sauti ile ya kukariri shairi, "Basi ni huyu uliyemwambia bibi yangu kuwa ni wa majuzi."

Alicheka, akasema bata wa namna hii walikuwa mamia. Nikataja pengo. Akasema vioo vingi vina mapengo. Hapo, kaka, nilimgeukia Bibi kule nyuma, maana ushahidi wangu ulikuwa umekwisha. Mara Bi Edna akasimama na kikombe chake, uso mwekundu kama bitiruti. "Lete nimwone," akasema. Akapapasa mkia kwa kidole gumba. "Pengo hili nililivunja mimi! Kwa kijiko, chai ya kutawazwa kwa Malkia, mwaka hamsini na tatu, nikamsingizia paka! Harle, wewe mwizi!"

Watu waliondoka kwenye foleni mmoja mmoja, na vyombo vyao vifuani. Mchungaji alimbeba bata mwenyewe mpaka kwa Bibi. Harle alifungasha lenzi yake peke yake, hakuna hata aliyemshikia mlango. Nilifurahi, Ewan. Leo baada ya ibada nimepita dukani kwake makusudi kuona pazia lilivyoshushwa, na kesho nitapita tena.

Lakini kuna jambo sijamwambia yeyote. Siku ile ya Novemba nilikuwepo. Bibi hakumwamini Harle; alinipa bata akasema, "Orla amesoma, atatuambia." Niliiona almasi. Nilitaka mgeni aone nina akili, nikasema, "Hapa hakuna mwaka, Bibi. Kingekuwa cha kale, mwaka ungeandikwa." Kwa neno langu Bibi alimwachilia bata. Harle alinipa peremende, nami nikaila. Nilipokuwa nikimchukia Harle dirishani pale, nusu ya chuki ile niliielekeza kwangu mwenyewe.

Unajua desturi yetu, hakuna barua inayokwenda kwako bila Bibi kuisoma na kuongeza mstari wake. Nimeandika nikijua hivyo. Sasa nampelekea.

Pokea salamu za nyumba nzima, na ujifunike vizuri.

Mdogo wako,
Orla Stobbs

Ewan, mjukuu wangu, nimesoma yote. Nilijua alikuwa akijionyesha tu; peremende ilimkaa shavuni siku nzima. Orla nimemsamehe zamani. Harle bado, na sina haraka. Jumatano bata anakaa katikati ya meza, na Edna anaosha vikombe. Bibi yako, W.