Taa ya Sita Kabla Jua Halijazama

Jumamosi, Cheektowaga, pembeni mwa Buffalo. Baridi kali, ila jua limetoka na theluji inang'aa mpaka macho yanauma.

Nimeamka nikacheka peke yangu kitandani. Nimelala kwenye nyumba nisiyoijua, mabega yananiuma kana kwamba nimepakua lori zima, na bado nacheka.

Nimefika Buffalo. Nimeendesha mimi mwenyewe, kutoka Louisville, kupitia Columbus, mpaka hapa.

Kwa asiyenijua, hilo si jambo la kuandika kwenye blogu. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Tanzania. Naishi Newburg, Louisville, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Leseni ninayo tangu zamani, lakini haiwei, yaani barabara kuu ya magari ya kasi, nilikuwa siigusi. Siku niliyojaribu, lori lilinipigia honi kwa nyuma, nikatoka kwa njia ya kwanza ya kutokea niliyoiona, nikaegesha, sikuugusa tena usukani mpaka mtu wa kanisani akaja kunichukua. Tangu hapo naenda kazini kwa barabara za ndani, nazunguka mji mzima, naamka mapema kwa ajili ya woga wangu.

Bibi Miriam ndiye ninayemhudumia. Ni Myahudi, alikuwa mfamasia, mumewe alishafariki. Mdogo wake, Nathan, anaishi hapa Cheektowaga. Kila mwaka ikifika sikukuu yao ya taa, Hanuka, wawili hao huwasha taa pamoja kwenye simu, kila mtu na menora yake, yaani kinara chao cha mishumaa. Mwaka huu Nathan amefanyiwa upasuaji mkubwa, na madaktari wake wameanza kuongea kwa upole, ule upole tunaoujua sisi tunaofanya kazi hizi. Bibi akasema safari hii hatawasha kwenye simu. Anataka kuwasha menora ya baba yao, ile ya shaba, na Nathan awe pembeni yake.

Ndege daktari alimkataza kwa sababu ya mapafu. Mwanawe, anayeishi mbali, akamwambia asubiri kiangazi. Bibi akanigeukia mimi, nilikuwa nakunja nguo, akauliza kama naweza kumpeleka.

Nikasema ndiyo.

Sijui ile ndiyo ilitoka wapi. Nilikaa bafuni muda mrefu baada ya hapo.

Tuliondoka Alhamisi asubuhi. Menora ilikuwa imefungwa kwenye shali, Bibi ameipakata. Nilishika njia ya kulia, ya magari ya polepole, sikuiachia. Kila lori lililotupita nilimwita Yesu, na Bibi kila mara alijibu amina kwa heshima zote. Alasiri tukafika Columbus kwa kaka yangu Zakaria, tulikopanga kulala.

Nilikuwa nimemwambia kaka kwamba nakuja na mgeni. Kwamba mgeni atawasha taa za dini yake, hilo sikulisema vizuri. Zakaria ni shemasi. Dirisha la sebule yao linatazama maegesho, na nusu ya apatimenti zile wanakaa watu wa kanisa lake. Bibi alipoomba kuiweka menora dirishani, kaka alinivuta jikoni. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, watu wataonaje. Watasema shemasi amebadili dini. Kwa nini asiwashie chumbani, mlango ukiwa umefungwa?

Nikarudi nikamweleza Bibi, nikitafuta maneno laini. Hakukasirika. Alisema nyumba ni ya Zakaria, na kama Zakaria anaogopa, taa itawekwa mezani tu, nayo itatosha. Hata Wayahudi wenyewe, walipokuwa kwenye hatari, waliwasha ndani. Lakini akaomba amweleze Zakaria kwanza kwa nini inapendwa kuwekwa dirishani. Nikatafsiri, kwa sababu kaka Kiingereza chake ni cha kazini tu.

Alieleza kwamba zamani mfalme mgeni aliwakataza kushika dini yao na akalinajisi hekalu. Wakapigana, wakalirudisha. Walipotaka kuwasha taa ya hekalu wakapata kichupa kimoja tu cha mafuta safi, ya kutosha siku moja. Yakawaka siku nane. Ndiyo maana wanawasha siku nane, na wanaweka pale mpita njia anapoona, kwa sababu muujiza hautunzwi kabatini. Unatangazwa.

Zakaria anaijua Biblia. Akauliza mbona kinara cha hekaluni kilikuwa na taa saba, na hiki kina tisa? Bibi alifurahi kuulizwa. Alisema ile ya taa saba ni ya hekalu, haiigwi. Hii ina nane, taa moja kwa kila usiku, na ile ya tisa, inayosimama juu ya wenzake, haihesabiki. Nuru ya zile nane ni takatifu, hairuhusiwi kusomea wala kufanyia kazi, ni ya kutazama tu. Ya tisa ndiyo inayofanya kazi. Inawashwa kwanza, halafu inawasha nyingine.

"Tunaiita shamash," alisema. "Maana yake mtumishi."

Sikuhitaji kulitafsiri hilo. Kaka alikuwa ameshainua kichwa.

"Amesema shemasi?"

"Amesema shamash."

"Na maana yake mtumishi?"

Nikamwambia ndivyo. Zakaria alikitazama kile kishikio cha juu, kitupu bado. Tangu tukiwa kambini huyu mtu amebeba viti vya kanisa, ameosha vikombe vya meza ya Bwana, amezika watu. Halafu akaenda dirishani, akasogeza mmea wa mkewe, akavuta pazia lote pembeni, akaipangusa ile sehemu kwa mkono wa shati lake.

"Mwambie aweke hapa," alisema. "Wakiniuliza, nitawaambia ni shemasi."

Bibi alipanga mishumaa mitano kutoka kulia kwenda kushoto, lakini akawasha kutoka kushoto, ule mpya kwanza. Alisema usiku wa leo ndio wa kwanza kupewa heshima. Aliimba baraka kwa sauti nyembamba, akimshukuru Mungu kwa miujiza aliyowafanyia baba zao siku zile, majira kama haya. Kaka aliitikia amina kwa nguvu mpaka Bibi akashtuka.

Wifi yangu Anitha, ambaye hutoka kazini ghalani akaingia jikoni moja kwa moja bila kuvua viatu, alikuwa akikaanga maandazi. Bibi alipojua akapiga makofi: kumbe sikukuu yenyewe ni ya vitu vya kukaanga, kwa ajili ya yale mafuta. Hakula, maana chakula chao kina masharti na alikuwa amebeba cha kwake, lakini aliomba bakuli limsogelee avute harufu. Kisha akamwambia Anitha akae. Kwao, taa zikiwaka, wanawake hawafanyi kazi.

Anitha alinitazama aone kama nimetafsiri sawasawa. Nikarudia. Akakaa kwenye kochi, mikono mapajani, hajui aiweke wapi. Zakaria akaenda kuopoa maandazi mwenyewe, akaunguza machache. Mishumaa ikaisha taratibu, na Anitha alikuwa bado amekaa. Alisema tangu aingie Amerika hajawahi kulitazama dirisha lake mwenyewe.

Jana, Ijumaa, ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Ijumaa ina ugumu wake. Jua likizama Sabato imeingia, na Bibi hawashi moto wala hapandi gari. Kwa hiyo menora huwashwa kabla, jua lingalipo, kwa mishumaa mirefu zaidi ili ifike usiku, na baada yake ndipo mishumaa ya Sabato. Na Desemba hii jua la Buffalo linazama hata saa kumi na moja haijafika. Tuliondoka Columbus alfajiri. Zakaria alituombea na mkono juu ya boneti.

Mpaka Cleveland nilikuwa sawa. Tulipoishika barabara ya kando ya ziwa, upepo ukaanza. Karibu na Erie theluji ilishuka kama mtu amemwaga gunia. Sikuona barabara. Magari yaliwasha taa za hatari, mengine yalikuwa yamesimama vibaya pembeni. Nikaona kibao cha kituo cha mapumziko, nikatoka, nikaegesha, nikaweka kichwa kwenye usukani.

Nililia. Sitaficha.

Bibi aliniacha nilie. Kisha akasema, "Goreth, tutafute chumba hapa. Chumba kina dirisha, na mishumaa tunayo. Nathan ataelewa."

Alisema kweli kutoka moyoni, hakuwa akinitega. Alikuwa ameshaanza kuvaa glovu zake ashuke. Na hapo ndipo kitu kilibadilika ndani yangu. Angenisukuma, ningekataa. Lakini alikuwa tayari kumkosa mdogo wake kwa ajili yangu, bila kinyongo, na mimi nikaona kwamba jambo hilo sitaweza kulibeba.

Nikamuuliza, "Bibi, unaniamini?"

Akasema, "Niko ndani ya gari lako, mwanangu."

Mashine ya kusukuma theluji ilikuwa ikitoka pale kituoni, kubwa, taa za njano zinazunguka. Nikafunga mkanda, nikaifuata. Ilipopita iliacha lami nyeusi nyuma yake, na mimi nilishika ile lami kama mtoto anavyoshika kanga ya mama yake sokoni. Sikutazama malori wala saa. Tulikwenda hivyo polepole sana, mpaka ghafla, kama mtu amefungua mlango, theluji ikakatika. Mbele anga lilikuwa jeupe, na jua lipo. Chini, lakini lipo.

Hapo nilikanyaga mafuta. Niliingia njia ya kati. Nililipita lori.

Nathan alikuwa dirishani kwenye kiti cha magurudumu, amevaa tai. Alikuwa amelisafisha dirisha lote, hakuna kitu juu yake, anasubiri menora tu. Bibi aliingia na viatu vya theluji, akaifungua ile shali mapajani mwa mdogo wake. Nathan aligusa kila tawi lake. Hakuna aliyelia, hakukuwa na muda. Wakabishana kidogo nani awashe. Nathan alisema aliyeileta, Bibi alisema mwenye nyumba. Mwishowe waliishika shamash kwa pamoja, mkono wa huyu juu ya wa yule, wakawasha taa ya sita kwanza, halafu ya tano, zikafuatana mpaka ya kwanza. Nathan ndiye aliyeimba. Sikutegemea mtu aliyetoka kupasuliwa awe na sauti ile. Nje, jirani aliyekuwa akichota theluji alisimama, akaegemea koleo lake, akainua mkono.

Kisha Bibi akawasha mishumaa ya Sabato, akafunika macho. Na jua likazama.

Leo nyumba imetulia. Wao hawagusi simu wala kalamu, wanaongea tu jikoni, wanacheka mambo ya baba yao. Jioni nyota zikitoka watawasha ya saba.

Mimi nilitoka nje kidogo kupiga simu. Odeta, tuliyesoma naye darasa moja kambini, anaishi mtaa wa Bailey, si mbali na hapa. Kila mwaka ananiita, na mimi kila mwaka nampa sababu. Nilipomwambia niko Cheektowaga na kesho baada ya ibada nakuja kumwona, alipiga kelele mpaka nikaiweka simu mbali. Kisha akauliza nani atanileta, amtume mumewe?

Nikamwambia amwache mumewe apumzike. Naendesha.