Mawaridi ya Kipupwe Kwenye Mpaka

Bronwyn, uliona, ukajifanya unaosha vikombe. Asubuhi hii huyu jirani yetu Desmond amepigilia vigingi vya uzio wake mpya katikati ya mawaridi ya kipupwe aliyopanda bibi yako, nayo ndiyo kwanza yamechanua. Nikamwambia, "Mpaka huu tulikubaliana na marehemu baba yako mwaka sabini na nne, wewe ukiwa bado kwenye nepi!" Akacheka. "Onyesha karatasi basi, Bi Merle."

Nimekwenda mjini Huonville kumleta mzee Alf, aliyekuwepo siku ile. Supu ya malenge iko jikoni.

~~Usiyaguse, hayapendi kuhamishwa.~~ Yahamishe. Yatanuna, huenda mwakani yasichanue, lakini yatakuwa hai. Chimba kwa uma wa bustani, uende chini sana, udongo usiachane na mizizi.

Mashine ya Desmond ya kuchimba mashimo ya uzio inakuja saa nane. Acha vikombe, vaa buti, toka sasa hivi.

Mama yako