Ule Mlango Kati ya Vyumba Vyetu

Loice, hebu sikia. Ulipoghairi safari, chumba chako cha meli walimpa mwanaume!

Unakumbuka tulichagua vyumba vyenye mlango katikati ili watoto wetu wapite? Mimi mwenyewe niliwaandikia watu wa meli wauache bila kufungwa. Sikukumbuka kuwaambia waufunge, kwa kuwa huji tena. Sikukumbuka, Loice!

Nilikuwa bafuni. Nikasikia sauti nzito ikimuuliza Chelsea wangu, “Mama yuko wapi?” Naye akajibu kwa adabu kabisa, “Anaoga.”

Anaoga! Mtoto wa miaka sita, na mtu asiyemjua.

Nikatoka na taulo, povu kichwani. Jamaa amesimama kando ya kitanda. “Samahani madam, nilidhani ni kabati.”

“Kabati ndilo unaloliuliza mama yuko wapi? Toka!”

Mhudumu amekuja, ameufunga mlango kwa ufunguo, anasema vyumba vimejaa, nitulie. Nitulie vipi? Chelsea ananiuliza kama uncle atarudi tukilala.

Bado tuko bandarini. Ngazi inatolewa saa kumi na mbili, na mabegi nimeshafunga. Tunashuka. Ukitoka kazini usipitie kwa rafiki yako Najma, njoo moja kwa moja utuchukue.