Sinki Mpya ya Mama

Kinoru, Meru
Ijumaa jioni

Kaka Abubakr,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, alhamdulillahi, na ahsante sana kwa pesa za sinki.

Fundi Idrisi alimaliza jana. Yule wa kwanza alitaka kutoa kaunta yote, eti sinki ya zamani imegandishwa nayo ikawa kitu kimoja. Nilimfukuza! Kaunta uliyomnunulia Mama ing'olewe hivi hivi? Idrisi alilala chali ndani ya kabati, akaikata sinki polepole kutoka chini, akafunga hii ya stili. Kaunta haina hata mkwaruzo. Mungu amzidishie.

Uliniuliza ile sinki ya zamani ya kauri ilipasukaje. Sikukujibu kwenye simu kwa sababu Mama alikuwa karibu. Alichemsha sufuria kubwa ya maji ya kuoshea miguu ya mbuzi, kama enzi za bucha ya Baba, kisha akayamwaga yote kwenye sinki yakitokota. Miguu ya mbuzi haikuwepo. Baba tulimzika miaka sita iliyopita, na Mama alikuwa anamngoja aje kuchukua supu ya wateja.

Leo ametawadha kwenye sinki mpya, akaipapasa, akauliza ni nani ametuletea kitu kizuri hivi. Nikamwambia ni Abubakr.

"Mungu ambariki," akasema. "Huyo Abubakr ana mama?"

Nilimwambia anaye.

Ahsante kwa yote, kaka. Sasa usitume kitu kingine. Njoo wewe.

Dada yako,
Zuleka