Ubao wa Mkaratusi Mbichi

Baba Anatory,

Maharage yako jikoni, ongeza maji. Mbuzi bado hawajafunguliwa. Mimi sipo shambani, nimempeleka mama yako hospitali. Pancras na majirani wengine wamembeba kwa machela.

Asubuhi alitoka kuketi kwenye lile baraza la mbao ulilomjengea uani, aitazame barabara, pengine Anatory wetu atatokea kutoka vitani. Ubao ukakatika, akaanguka, mguu umevunjika. Fundi Bigirimana alikuonya kabla naye hajachukuliwa kwenda vitani: mkaratusi mbichi haujengewi, uache ukauke. Ukamjibu kwamba mbao ni mbao. Mimi nilipokukumbusha, ukaniambia nikashike mwiko wangu.

Ukishakula, ~~lirekebishe~~ livunje lote liwe kuni.

Tulipokuwa tunamlaza kwenye machela alinishika mkono, akasema, “Mwanangu, mwambie nimeteleza kisimani. Kazi ile aliifanya kwa kunipenda.” Nikamwitikia ili atulie. Lakini wewe nataka uujue ukweli. Ukifika hospitali akakuambia habari za kisima, usimbishie. Mpe pole ya kisima, halafu nenda nje ukalie huko.

Mama Anatory